Mayai ya Bi Mwanamize

Mtaani kwao Bawshar, huko Uarabuni, Bi Mwanamize alijulikana kwa mapishi kabla ya kujulikana kwa sura. Tangu atoke Unguja mpaka akastaafu wizarani, hakuna sahani yake iliyowahi kurudi na chakula. Ilirudi mwaka 2003, siku Ishaq alipofiwa.

Ishaq, mhandisi Myahudi wa Nairobi, alikuwa na mwezi mmoja tu tangu apange ghorofa yao ya juu. Mama yake alizikwa kwao asubuhi. Yeye hakuipata ndege. Kwa kuwa nyumba yenye msiba haipiki, Bi Mwanamize akampelekea pweza wa nazi. Pweza akarudi vilevile, na kikaratasi cha asante juu yake.

"Pweza wangu!" alisema, akaketi.

Mumewe, Bwana Thabit, akapanda kumsomea Ishaq aya isemayo kwamba chakula cha Waislamu ni halali kwa Watu wa Kitabu. Douglas, fundi wa Kenya aliyekuwa akitengeneza kiyoyozi huko juu, akaweka bisibisi chini.

"Mzee, hizo sheria za vyakula Yesu alizimaliza. Ndugu yangu, kula tu!"

"Nani kakuuliza wewe? Ibrahimu ni babu yetu sisi."

"Hata sisi ni babu yetu, mzee."

Wakabishana saa nzima juu ya dini ya Ishaq. Ishaq mwenyewe alikaa sakafuni, hakuna aliyemwuliza neno.

Bi Mwanamize akaingia. "Nyie mmekuja kutoa pole au kusahihisha mtihani? Tokeni!" Akamgeukia mfiwa. "Mwanangu, nambie, kwenu hula nini?"

"Mlo wa kwanza baada ya maziko lazima uletwe na jirani, bi. Mwenyewe siruhusiwi kujipikia. Tangu jana sijala."

"Na pweza wangu je?"

"Pweza kwetu haliwi. Mayai ya kuchemsha tu yanatosha, kwa vyombo vipya."

"Mayai?" Yeye aliyepikia harusi za watu mia nne! Mtaa utasema kachoka.

Akamtuma Thabit kununua sufuria na sahani, apate kunyamaza njiani. Akachemsha mayai sita. Mara mbili mkono ulikwenda kwenye binzari, mara mbili akaurudisha. Kisha akayafunika kwa kawa kubwa la harusi, majirani wadhani ni biriani, akapanda ngazi za nje.

Ishaq alikula yote, machozi yakimtiririka.

"Yamekolea?" aliuliza Bi Mwanamize.

"Yamekolea, bi."

Aliposhuka, kawa alilibana kwapani. Sahani tupu aliishika mbele, wazi, kila dirisha liione.