Zipora Aliyekataa Kusema Amina

Bibi yangu Zipora, mzaa mama, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Jambo ukimfundisha, utalisahau wewe mwenyewe, yeye halisahau. Alizaliwa na kuolewa upande wa Kikuyu, wakati Kikuyu ya Dodoma ilikuwa mashamba ya uwele na vichaka vya miiba. Alibatizwa akiwa tayari mke wa babu Matonya, na katika ukoo wetu yeye ndiye wa kwanza. Nalisema hili kwa sababu wapo watu leo wanaojidai kwamba babu zao ndio walioileta dini huku. Wakati huo babu zao walikuwa wakimcheka bibi yangu.

Aliyemfundisha kusali ni mwalimu Yotham wa misheni, mtu mwembamba, aliyewaogopa Wajerumani kuliko alivyoogopa fisi. Alimfundisha kupiga magoti, kufumba macho, kuanza na "Ee Bwana Mungu" na kumaliza na Amina. Bibi akauliza hiyo Amina ni nini. Mwalimu alikuwa na haraka zake siku hiyo, akamjibu kwamba hapo ndipo sala inapokwisha, unafumbua macho unakwenda kazini. Jibu hilo ndilo lililoleta mambo yote.

Maana ndama wa bibi aliugua. Bibi akaomba, akasema Amina upesi upesi kwa kuwa uwele ulikuwa unamngoja kwenye jiwe la kusagia. Ndama akafa. Bibi akakaa akafikiri kosa lilikuwa wapi, akaliona. Kwetu Ugogo mgeni haondoki mpaka mwenyeji amruhusu na kumsindikiza. Mwenyeji akinyamaza, mgeni atakaa, hata kama ng'ombe wake wanapotea porini. Kumbe yeye alimwita Mungu nyumbani, na kabla Mungu hajafungua kinywa, akamruhusu aende zake.

Basi ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza. Askari wakawa wanapita vijijini kukamata wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Waliotangulia hawakurudi. Habari zilizorudi zilikuwa za kuhara, za njaa, na za watu walioachwa kando ya njia na mizigo yao ikapewa wengine. Babu Matonya walimkamata akipalilia, wakampeleka boma la Dodoma, wakamfungia bandani na wenzake wakingoja treni.

Bibi alipopata habari alipiga magoti palepale katikati ya uwele, akafumba macho, akaomba arudishiwe mumewe. Akaomba mpaka maneno yakamwishia. Lakini Amina hakuisema, na macho hakuyafumbua. Akanyanyuka hivyo hivyo, akarudi nyumbani kwa kupapasa, akajigonga kwenye mlango wa tembe, akaingia.

Wifi yake alikuwa ndani. Huyu ni dada wa Matonya, ambaye baadaye alibatizwa Dorkasi, lakini wakati ule dini aliiona kama ugonjwa wa Zipora peke yake. Akamuuliza macho yamepatwa na nini, na unga uko wapi. Bibi hangeweza kumjibu yeye, maana alikuwa bado anazungumza na Mungu, na mgeni mkubwa hakatizwi maneno.

"Ee Bwana Mungu," akasema, "unamsikia wifi yangu anaulizia unga. Mjulishe kwamba uko kwenye kibuyu kile cha nyuma, na asichote wote kama alivyofanya juzi."

Wifi akachota unga. Akasema kama huyo Mungu ndiye anayetumwa habari za vibuyu, basi naye amepata kazi.

Ikawa hivyo kila siku. Bibi alisonga ugali akiwa amefumba macho, akaunguza mlenda, akamkamua beberu, akamlalamikia Mungu kwamba maziwa hayatoki. Kila neno alilosema lilipitia mbinguni kwanza. Watu walikuja kumsalimia makusudi ili wasikie wengine wakisemwa, maana wenye madeni ya kuku na waliowahi kumwibia kuni walitajwa wote, kwa majina, kwa sauti ile kubwa.

Mwalimu Yotham akaja mbio. Wazungu wake wa misheni walikuwa Waingereza, walikwisha kukamatwa, naye alijua wazi kwamba Mjerumani akisikia kelele zozote za dini atamnyonga yeye. Akamsihi bibi aseme Amina apumzike, Mungu amekwisha kusikia.

"Ee Bwana," bibi akasema, "mwalimu Yotham anataka nikufukuze. Neno hilo limetoka kwake, mimi simo."

Mwalimu akarudi kwake, akafukia vitabu vyake zizini.

Ilipojulikana kwamba treni inakuja kuwachukua wapagazi, bibi akamwambia Mungu waende boma pamoja, kwa sababu huku nyumbani pengine hamwoni Matonya vizuri. Wifi akashika ncha moja ya fimbo, bibi akashika ncha nyingine. Njia nzima wifi alimtukana kwa upole, akimwita kipofu wa kujitakia, lakini fimbo hakuiachia. Matonya alikuwa kaka yake.

Walifika jua la utosi. Wapagazi walikuwa bandani, mizigo imepangwa uani, na mkubwa wa boma, Mjerumani mwenye kichwa kisicho na unywele, alikuwa barazani amevaa kofia yake. Yule bwana alikuwa katili lakini mtu wa dini sana. Kila Jumapili aliimba nyimbo za kwao peke yake barazani, na askari aliyecheka alichapwa. Bibi akapiga magoti mbele yake, akapaza sauti.

"Ee Bwana Mungu, tumefika. Mtu ninayekuomba yumo humu."

Mjerumani akaduwaa. Kisha mkono ukaenda wenyewe kichwani, akavua kofia, akainamisha kichwa. Kwao sala ikianza hivyo ndivyo inavyofanywa, na kofia hairudi mpaka Amina. Athuman, ombasha aliyewasimamia askari, Mwislamu wa Kondoa, aliona mkubwa wake anasali, naye akainua viganja mbele ya kifua, akisubiri kuitikia Amin kama alivyofundishwa na wazee wake. Bunduki akaiegemeza ukutani. Askari wengine wakamwiga. Boma zima likasimama.

Bibi akaendelea. Alieleza mvua iliyokosekana, ndama aliyekufa, tabia za wifi. Kichwa cha Mjerumani kikawa chekundu, kisha kikang'aa kwa jasho. Treni ikapiga honi kule stesheni.

"Mama," Mjerumani akasema bila kuinua uso, "sema Amina."

"Ee Bwana, na mzungu naye anataka uondoke. Lakini Matonya hajatoka."

Honi ikalia tena. Mjerumani akasema huku ameuma meno kwamba huyo mtu atolewe. Athuman akafungua komeo la banda kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa juu bado, na akamsukumia bibi mtu wa kwanza aliyekuwa mlangoni. Bibi akampapasa. Matonya alikuwa na ndewe za sikio zilizotobolewa na kuvutwa mpaka karibu na bega, kama wanaume wetu wa zamani. Huyu masikio yake yalikuwa mazima kama ya mtoto.

Yule mtu aliitwa Msafiri. Akamnong'oneza, "Mama yangu, usinirudishe."

Bibi alinyamaza, na wifi anasema hiyo ndiyo mara pekee aliyomwona ananyamaza siku zile zote. Kisha akasema, "Ee Bwana, huyu siye niliyekuomba. Lakini umekwisha kunipa, na kitu cha kupewa sikirudishi. Sasa nipe na Matonya."

Mjerumani akatoa neno la kwao ambalo halikuwa la sala. Matonya akaletwa. Bibi akashika sikio, akalivuta mpaka mwenyewe akalia kwa maumivu.

"Amina," akasema, akafumbua macho.

Kofia ikarudi kichwani, Athuman akajipangusa uso kwa viganja, akachukua bunduki yake. Walipofika nje ya boma waliwasikia wapagazi waliobaki wakitolewa bandani, wakiamriwa wajitwike.

Njiani Matonya akamuuliza kwa nini alisema Amina mapema hivyo, na banda lilikuwa bado limejaa. Mzungu alikuwa amekwisha kulegea. Jirani yao Gideoni alikuwa mle, Bartolomayo wa shamba la pili alikuwa mle. Angevumilia kidogo tu.

Bibi aliangalia nyuma kule stesheni, moshi ulikuwa umeanza kusogea.

"Nilitaka kukuona," akasema.

Wifi akaitupa fimbo. Msafiri aliwafuata kwa mbali, akiogopa huenda sala ilikuwa bado haijaisha. Walipokaribia nyumbani bibi akageuka, akamwambia asogee, na kama anaweza kushika jembe, palizi la Bartolomayo nalo halijaanza.