Chumvi Nyekundu ya Munigi

Namegabe alikuwa fundi wa mashine za kulainisha maji, na Goma nzima alikuwa na wateja saba. Mwaka 2002 lava ilifunika karakana yake, akaanza upya. Vita vikaja, vikaenda, vikarudi kwa jina jingine, akaanza tena. Hakuomba kitu kwa serikali wala kwa waasi, maana hakuna kati yao aliyewahi kumletea mtu hata bidoni moja ya maji.

Safari hii waasi walifunga barabara na mabomba yakakauka. Watu wakachota ziwani, kwenye ufuo wa Kituku. Maji ya ziwa ni magumu, sabuni haitoi povu. Wengine walivumilia, Farida hakuweza. Binti huyo wa miaka kumi na saba alizaliwa na ngozi inayopasuka, na maji magumu yaliipasua hadi damu. Mvua nayo ilibeba moshi wa volkano, ikamchoma kama pilipili. Mama yake, Kadidja, muuza vitenge wa mtaa wa Katoyi, alikuwa amemnunulia mashine kwa Namegabe: mtungi uliojaa punje ndogo zinazonasa chokaa. Kila juma punje huoshwa kwa maji ya chumvi safi, la sivyo huchoka.

Chumvi safi ikaisha madukani. Namegabe akaenda kwa miguu hadi Munigi, walikokimbilia wafugaji wa Masisi na ng'ombe wao wachache. Mmoja wao, mzee Munyaneza, akamkatia pande la chumvi ya mifugo, jekundu kama tofali. Fundi akaliponda, akaliyeyusha, akaosha punje. Siku ya tatu maji yakatoka na rangi ya chai, na mgongo wa Farida ukapasuka.

"Papa Namegabe," Kadidja aliuliza kwa sauti ya chini, "ile chumvi uliitoa wapi?"

"Kwa wachungaji, mama Farida. Niliona chumvi ni chumvi."

"Ya ngombe? Mutoto wangu ana pembe?"

Namegabe akachungulia ndani ya mtungi. Wekundu ule ulikuwa chuma, na chuma huua punje. Alilijua hilo kwa miaka thelathini, lakini haraka ilimfumba macho.

Akamwaga punje zote kwenye beseni, akakamua ndimu ziyeyushe chuma, hadi vidole vikamwasha, akaloweka punje humo tangu asubuhi hadi alasiri, akazisuuza mara saba. Ilibaki kutafuta chumvi safi. Kadidja akachukua bakuli, akabisha mlango kwa mlango. Wenye bunduki waligawana milima. Katoyi iligawana chumvi ya mboga, kijiko kwa kijiko, na hakuna nyumba iliyomrudisha mikono mitupu.

Jioni mashine ikatoa ndoo moja. Namegabe akasugua sabuni ndani yake. Povu likaja, jembamba.

"Nusu ya punje zimekufa," alisema. "Ni hii ndoo moja kwa siku."

"Ndoo moja haitoshi mwili," Kadidja alisema.

Farida akakunja mikono ya blauzi. "Anza na mikono, muzee. Siku ya lundi ni examen ya masomo, nitashika kalamu."

"Na mugongo?" mama yake aliuliza.

"Mugongo hauandike."

Kadidja akageukia ukuta. Namegabe akapiga magoti mbele ya binti, akamimina kikombe baada ya kikombe juu ya vidole vilivyochanika, akijua kwamba mwezi hautaisha kabla punje zilizobaki hazijafa nazo, na kwamba kule barabarani bado hakupiti kitu.