Kokoto Ukutani

Mafundi wanatoboa ukuta wa jirani, na harufu ya jiwe lililopasuka imeingia mpaka jikoni kwangu. Chai imepoa mkononi.

Mama alinuka hivyo. Alishinda machimboni, upande wa Nakawa, akiponda mawe kwa nyundo yawe kokoto za wajenzi.

Siku moja mwalimu wetu, Mkenya aliyependa ubao safi, aliuliza miji ilianzaje. Wenzangu wakajibu kama kitabu: mto, soko, mfalme. Mimi nikasema, "Mama yangu aliipiga kwa nyundo." Darasa zima likacheka. Mwalimu akanipigisha magoti sakafuni mpaka niseme mfalme. Sikusema.

Jioni mama aliyaona magoti yangu yaliyochubuka, nikamweleza yote. Asubuhi akaja darasani, vumbi jeupe kwenye nyusi, nyundo mkononi. Hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya pembeni, ambako plasta ilikuwa imebanduka, akaweka kiganja juu ya kokoto zilizojitokeza.

"Mwalimu, hii mawe ni sisi wamama tulipiga. Sasa wewe nionyeshe ile ya mfalme."

"Mama, ni kitabu kinasema hivyo."

"Basi kitabu ikuje kwa jua, ipige mawe na sisi."

Akaondoka. Mwalimu alifuta ubao uliokuwa safi tayari. Mimi nilibeba daftari langu, nikaenda kukaa chini ya ile nguzo, mgongo kwenye kokoto.

"Rudi mahali pako," akasema.

"Niko mahali pangu, mwalimu."