Kitofali cha Akiba

Kwa fundi saa, kitu kinachobaki mezani kazi ikiisha ni aibu. Ukiifungua saa, ukaisafisha, ukaifunga, halafu ukaona skrubu moja imelala peke yake juu ya kitambaa, ujue umeharibu mali ya watu. Fundi wetu aliishi na kanuni hiyo miaka thelathini na minne, kwenye kibanda chake cha ubavuni mwa benki, kioo jichoni na kibano mkononi, huku binti yake mdogo amekalia ndoo iliyopinduliwa. Kila saa iliyofungwa aliiweka sikioni, na mtoto aliuliza, "Baba, inatembea?" Akijibu, "Inatembea," wote wawili walipumua.

Kisha simu za mkononi zikaja, kila mtu akawa na saa mfukoni, na kibanda kikafungwa. Mwingine angekaa barazani kuilaumu dunia. Huyu mikono yake haikujua kutulia, akasikia kwamba duka moja la vitu vya watoto linatafuta mtu wa kuunganisha vitofali vya plastiki: yale makasri na magari yanayowekwa dirishani ili watoto wawavute wazazi wao mikono. Vijana waliojaribu walichoka kabla ya ukurasa wa kumi. Meneja, mwanamke asiyejua kutembea taratibu, alimtazama mzee juu hadi chini akamuuliza kama ataweza. "Mama, mimi nimefunga saa za akina dada zenye upana wa ukucha," fundi alisema, na siku hiyohiyo akapewa boksi.

Boksi hilo la kwanza nusura limtie wazimu. Lilikuwa gari la zimamoto. Alipomaliza, kikabaki kitofali kimoja kidogo cha manjano.  Akalibomoa gari lote, akaanza upya, kikabaki tena. Akalibomoa mara ya tatu. Asubuhi yake alilipeleka dukani ameinamisha kichwa, kitofali amekitia ndani ya bahasha, tayari kufukuzwa. Meneja alicheka mpaka akashika kaunta. "Fundi, hicho ni cha akiba! Vile vidogo sana huwa wanaongeza kimoja, maana ndivyo vinavyopotea."

Tangu hapo akawa na kanuni mbili. Saa isibakize kitu. Vitofali lazima vibakize. Vya akiba alivitia kwenye kopo la kahawa, na katika miaka mitano hakukuwa na boksi hata moja lililomdanganya.

Sasa filamu ya sita ya wale wasafiri wa anga za mbali ilikuwa imetoka, watoto hawana mazungumzo mengine, na seti mpya za vitofali vya filamu hiyo zilikuwa zimeshafika. Zilifungiwa stoo na utepe wa kiwandani juu yake. Zisifunguliwe wala zisionekane na mtu mpaka Jumamosi saa tatu asubuhi. Meneja alikuwa ametia saini kulikubali sharti hilo. Boksi moja tu liliruhusiwa kutoka, la fundi, ili Jumamosi chombo kikubwa cha anga kiwe dirishani. Vipande elfu moja mia mbili na kumi. Fundi hakuwa ameona hata moja ya filamu hizo, na akiulizwa chombo kinakwenda wapi alijibu kinakwenda dirishani.

Kazi aliifanyia nyumbani, chumba cha nyuma, na chumba hicho kilikuwa na sheria moja tu: mlango ufungwe. Aliyeitunga ni yule binti wa kwenye ndoo, ambaye sasa ni karani wa posta na ana mtoto wake wa kike wa mwaka mmoja na nusu. Babu alimwita mtoto huyo Kadogo. Kadogo alikuwa akiijua dunia kwa kuionja: viatu, rimoti, sabuni ya kufulia. Wiki hiyo mlezi wake aliugua, Kadogo akaletwa kwa babu, naye ana mafua.

"Baba, mlango," binti alisema kila asubuhi badala ya kuaga.

"Wewe nimekulea katikati ya skrubu, na hukumeza hata moja."

"Baba. Mlango."

Ijumaa, yapata saa nne asubuhi, Kadogo alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni na fundi yuko chumba cha nyuma, amemwaga mfuko wa mwisho kwenye sinia. Simu ikalia sebuleni. Alikuwa meneja. Fundi alitoka upesi ili mlio usimwamshe mtoto, na mlango akauacha wazi, maana ilikuwa dakika moja tu. Lakini meneja alitaka kujua kama chombo kitawahi, na taa, na kibao cha jina, na sauti ilikuwa ikikatikakatika, ikabidi fundi asogee dirishani na kuipa sebule mgongo. Alipogeuka godoro lilikuwa tupu. Akasikia kikohozi kutoka chumba cha nyuma.

Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kikavu, cha mfululizo, kisichompa mtoto nafasi ya kulia. Alimkuta chini ya meza, uso umemwiva, macho yamemtoka. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akampiga mgongoni mara tano, akamchungulia mdomoni. Hakuna kitu. Kikohozi kikakoma chenyewe. Kadogo akavuta pumzi, akalia kidogo, akadai maji, na baada ya maji akacheka. Fundi alikaa sakafuni, amempakata. Akajiambia ni mafua. Alitaka sana yawe mafua.

Mtoto aliporudi kulala, fundi alifunga mlango akaendelea na kazi. Saa saba kasoro alibandika taa ya puani mwa chombo, kiduara chekundu chenye tundu katikati, mfano wa shanga. Chombo kimekamilika. Akalivuta sinia akusanye vya akiba. Cha kijivu, kipo. Cheupe, kipo. Vya bluu, viwili, maana vilikuwa vya aina mbili. Chekundu hakikuwepo.

 Alipiga magoti na tochi. Akainua zulia, akasogeza kabati, akafagia chumba kizima na kulipitisha vumbi kwenye chujio la chai. Akakagua viatu vyake mwenyewe. Hakuna. Hapo ndipo alipokwenda sebuleni, akainama, na kuweka sikio kifuani mwa mjukuu wake. Sikio hilo lilimlisha miaka thelathini na minne. Upande wa kulia, kila pumzi ilipotoka, ilitoka na mlio mwembamba wa filimbi.

Alichukua simu, akaiweka, akaichukua tena. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu mwenyewe alikuwa hapo godoroni anahema. Aliogopa sauti ya binti yake kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingemuumbua mtu ambaye hata hajajua kusema. Akapiga.

Binti alifika na sare ya posta, hajavua hata kitambulisho shingoni. Alimbeba mtoto, akamsikiliza, kisha akatazama mezani.

"Hicho chombo chako kimekamilika?"

"Kimekamilika."

"Hakipungui kitu?"

"Hakipungui."

"Sasa mtoto amemeza nini, baba?"

"Kilichotakiwa kubaki. Hakijabaki."

Binti alimgeukia baba yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mlango ulikuwa wazi?" Fundi akaitikia kwa kichwa.  Binti alifungua mlango wa mbele akatangulia, na hakusema naye tena njia nzima hadi hospitali.

Daktari alikuwa mtu mpole aliyechoka. Alimpima mtoto, akampiga picha ya kifua, akaitundika mbele ya taa. "Picha ni safi. Lakini plastiki haionekani kwenye picha, mzee, na mafua nayo huleta filimbi hiihii. Ili nione kwa macho lazima nimlaze kwa dawa ya usingizi, nimpitishie mpira wenye kamera mpaka ndani ya njia ya hewa. Kwa mtoto wa umri huu si mchezo. Kuna aliyemwona akikitia mdomoni?"

"Hakuna."

"Una hakika kilikuwemo kwenye boksi?"

Fundi alilifikiria kopo lake la kahawa. Hakuna boksi lililowahi kumdanganya. Lakini hii ilikuwa seti mpya, na mfuko ule hakuwahi kuuhesabu; simu ilimwahi. Je, kama atamlaza mtoto wa watu bure, na usingizi usiishe?

"Nikikuletea hakika?" aliuliza.

"Niletee. Mimi nawaita wenzangu sasa hivi wajiandae."

Mzee wa miaka sitini na minane alikimbia. Viatu vya kanda mbili vilimpiga visigino, watu walimpisha, mmoja akapaza sauti kumuuliza mwizi kaelekea wapi. Njiani alikuwa akiomba, na ombi lenyewe lilikuwa la ajabu: aliomba aonekane mpumbavu. Boksi liwe na chekundu kimoja tu. Dunia nzima imcheke, meneja amcheke, binti amnunie mwaka mzima, na Kadogo awe na mafua.

"Fundi! Chombo kiko wapi?" meneja alidaka alipomwona mlangoni.

"Nifungulie boksi moja."

"La nini?"

"La chombo. Moja tu."

"Kesho saa tatu! Unajua nimetia saini nini?"

Fundi alikuwa ameshapita kwenda stoo. Alishusha boksi la juu, akalileta kaunta, akachana utepe kwa ncha ya kibano. Meneja alimshika mkono wa shati. "Fundi, nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze, mama, lakini baadaye kidogo."

Alitafuta mfuko wa mwisho, akaupasua, akamwaga.  Akatenga vijivu, akatenga vyeupe, akatenga vya bluu. Vyekundu vikabaki viwili.

"Viwili," meneja alisema. "Haya, sasa?"

 Fundi alikichukua kimoja kwa kibano, akakibana katikati ya midomo, akapuliza taratibu kupitia lile tundu. Kikatoa filimbi. Ilikuwa ileile, nyembamba, aliyoisikia kifuani upande wa kulia. Akapuliza tena, akitumaini amesikia vibaya, na ikatoka ileile. Akakifumbata kiganjani.

"Kiko ndani ya mtoto," alisema. "Mjukuu wangu. Anapumulia humu."

Meneja alikuwa na mdomo wazi wa kugomba. Akaufunga, akachukua funguo za gari, akaliacha boksi wazi kwenye kaunta mbele ya wateja.

Fundi alikipuliza kile chekundu mbele ya daktari, na daktari aliposikia ile filimbi hakuuliza la pili. Kadogo alipitishwa kwenye mlango wa vioo, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kile kingine alibaki nacho mama yake. Baba na binti walikaa benchi moja, katikati yao pana nafasi ya mtu. Fundi aliogopa. Aliogopa mlango usifunguke, na uliposukumwa na mtu wa kufagia aliogopa kwamba umefunguka. Alijaribu kuhesabu, kama alivyozoea, lakini kila alipofika kumi alisahau anahesabu nini. Hakuthubutu kumtazama binti yake. Alitazama kile kiatu, na vidole vilivyokikunja na kukikunjua.

Ilipita saa moja na dakika ishirini. Daktari alitoka amevua barakoa, ameshika kichupa cha kioo. Ndani yake kulikuwa na duara dogo jekundu. "Tundu hili ndilo lililompitishia hewa," alisema. "Lakini nyama ilikuwa imeanza kuvimba kulizunguka. Mngesubiri hadi kesho, tusingekuwa tunazungumza hivi." Binti alipiga ukelele mmoja, akajiziba mdomo kwa kiatu cha mtoto.

Jumamosi saa tatu asubuhi duka lilifungua milango, na watoto wakabandika pua kwenye kioo kukiona chombo cha anga, ambacho meneja alikifuata mwenyewe nyumbani kwa fundi na kukipakata njia nzima. Fundi hakuwepo. Alikuwa wodini, amesimama kando ya kitanda chenye vizuizi. Kopo la kahawa alikuwa amelitupa alfajiri, pamoja na vyote vilivyokuwemo. Binti alikuwa upande wa pili. Tangu jana mchana, tangu lile swali la mlango, hakuwa amemwita baba.

Kadogo alilala chali, mkono umefungwa bandeji. Fundi alivumilia, alivumilia, akashindwa. Akainama, akaweka sikio kifuani upande wa kulia, akafumba macho. Alisikiliza pumzi ikiingia, akaisikiliza ikitoka, na hakuondoa kichwa.

"Baba," binti alisema.

Fundi alibaki vilevile, ameinama.

"Inatembea?"

"Inatembea, mwanangu."

Binti alinyoosha mkono juu ya kizuizi, akamshika baba yake bega. 

"Sikiliza tena," alisema.

Fundi akasikiliza tena.