Jirani wa Kaburini

Frumet alikuwa mtengenezaji wa mawigi, na katika mtaa wao wa Wayahudi wa Antwerp, nyuma ya reli, ambako mke wa mtu hafunui nywele zake, vichwa vya wake za watu alivijua kuliko waume zao. Wigi likiletwa Jumanne kuoshwa kwa ajili ya Sabato, alikuwa akiligeuza ndani, analinusa, na hapohapo anajua nani amekaanga samaki bila kufungua dirisha, na nani aliyedai ni mgonjwa kumbe alikuwa arusini anacheza.

Mume alikuwa naye, Mordka, mng'arisha almasi, mtu wa maneno machache kwa sababu nafasi ya maneno nyumbani ilikuwa imeshajazwa. Mtoto hawakupata. Mordka akafa, akazikwa Putte, ng'ambo ya mpaka wa Uholanzi, wanakolala watu wao wote. Frumet akabaki na kitu kimoja tu alichoweza kukiita chake bila kubishiwa: nafasi ya kuzikwa ubavuni mwa Mordka.

Nafasi hizo zilikuwa nne kwa mstari. Mordka huku, na kule mwisho Zelig, mwenziwe wa karakana. Katikati paliachwa pawili pa wake zao: Frumet kwa mumewe, Hinda kwa Zelig, mwanamke kando ya mwanamke kama desturi itakavyo. Walipozichagua, siku hizo Frumet na Hinda walikuwa chanda na pete. Sasa walikuwa na miaka minne hawajapeana hata salamu ya Sabato.

Ukimwuliza Frumet, atakwambia chanzo ni ile siku ya tohara ya mjukuu wa kwanza wa Hinda. Frumet aliinama kumwangalia mtoto, Hinda akatema mate hewani mara tatu, tfu, tfu, tfu, kumkinga mtoto na jicho baya. Kila bibi hutema. Lakini huyu alitema huku anamtazama Frumet.

Ukimwuliza Hinda, utasikia mengine. "Mwanamke yule alimlisha mume wangu tambi za kuoka Sabato moja tu, na Zelig akazisifu mpaka anakata roho. Daktari anamsikiliza moyo, yeye anamsimulia tambi!"

Basi siku moja akaja Mzee Kalman, mkuu wa chama cha mazishi, mtu mpole kama walivyo watu ambao wateja wao hawarudi kulalamika.

"Bi Frumet," akasema, "sheria unaijua. Waliokuwa maadui hawalazwi ubavu kwa ubavu. Mmoja wenu itabidi ahamie kule ukutani, karibu na bomba."

"Ahame yeye! Ana watoto saba wa kumbebea maji."

"Ndivyo alivyosema yeye pia. Kasema uhame wewe, huna wa kukutembelea, kwa hiyo hutampotea mtu."

Frumet alikaa kitako. Neno hilo lilimwingia mpaka kwenye mfupa, maana lilikuwa la kweli, na ukweli ukitoka kinywani mwa adui huwa na miiba. Alalie bomba, Mordka abaki peke yake? Akavaa koti, akaenda kwa Rabi. Akamkuta Hinda ameshafika na ameshachukua kiti kizuri.

Rabi wao alikuwa mzee mwenye mafua yasiyopona. Akawasikiliza wote wawili kwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

"Ananionea kijicho, Rabi," alisema Hinda. "Anawahesabu wanangu kama kuku."

"Yeye ndiye mwenye wivu! Mume kafa, bado anamlinda!"

Rabi akapenga kamasi. "Mnatupiana vitu viwili tofauti kama vile ni kimoja. Katika zile amri kumi, mwanzoni Mwenyezi Mungu anajiita mwenye wivu, na mwishoni anatukataza kutamani cha jirani. Mwenye wivu ameshika chake, anaogopa kunyang'anywa. Mwenye kijicho mikono yake mitupu, macho yake yako mezani kwa watu. Mungu wivu anao, kwa kuwa anacho cha kulinda. Kijicho hana. Amkodolee macho nani?"

"Basi mimi nina wivu," akasema Frumet. "Kama Mungu."

"Unamsikia, Rabi? Leo amekuwa Mungu!"

"Nyamazeni. Mkiwa na wivu, mkiwa na kijicho, hayo ni maradhi, watu wanazikwa nayo kila siku. Chama hakiulizi maradhi, kinauliza uadui. Na wahenga wetu wameupima: adui ni yule uliyeacha kusema naye siku tatu kwa chuki. Semeni kabla ya siku tatu kwisha, na mimi sina ruhusa ya kuwaita maadui."

Frumet akafikiri. "Na tusi, Rabi? Linahesabika?"

Rabi akatazama dari kwa muda mrefu, kama anayetafuta huko sababu ya kukataa. Hakuiona. "Tusi ni maneno," akasema.

Hivyo ndivyo wanawake wawili wa miaka sabini na kitu walivyoanza kutukanana kwa mpango, ili wazikwe kwa heshima.

Jumapili Frumet alivuka barabara, akapiga kengele, na Hinda alipotoa kichwa akamwambia, "Wigi lako limekaa kama paka aliyenyeshewa," akarudi zake. Jumanne Hinda akamfuata dukani mbele ya wateja: "Supu yako jana niliisikia harufu mpaka kwangu. Nani amekufa humo?" Ijumaa ikawa zamu ya Frumet tena. Hawakukosa hata zamu moja. Wacha Mungu wengine wa mtaa huo hawakushika hata mfungo kwa bidii kama ile.

Lakini ngazi za Hinda ni ndefu, na tusi la mtu anayehema halina makali. Ikabidi kwanza Frumet akae apumzike. Ukikaa utapewa chai. Ukipewa chai, hata ya adui, utaisifu au utaiponda, na yote ni mazungumzo. Siku moja, chai ikiwa mbovu kama kawaida, Hinda akamwuliza, "Niambie kweli. Ulikuwa unawahesabu wanangu?"

"Nilikuwa nawahesabu," Frumet akajibu. "Nikifika wa saba naanza upya. Nilikuwa nadhani labda mmoja alikuja kwako kwa kukosea mlango."

Hinda hakutema mate. Alimwongeza sukari. "Na mimi nilikuwa namlinda Zelig dhidi yako."

"Zelig? Na yale meno?"

"Meno yake yalikuwa yangu, mwenyewe nilikuwa nayapenda! Kunywa chai uondoke."

Hapo ndipo wale wana saba walipokutana, kutoka London na Zurich na wapi, wakaamua mama yao atazikwa Yerusalemu, kwenye Mlima wa Mizeituni, ambako wafu watafufuliwa kwanza. Ilikuwa heshima kubwa, na wana walihakikisha kila mtu anaisikia. Hinda alitembea mtaani kidevu juu kama aliyekwisha kufufuliwa. Mzee Kalman akaja mbio dukani kwa Frumet, amefurahi.

"Mambo yamekwisha, Bi Frumet! Mwenzio anaondoka. Utalala na mumeo kwa amani, hata kumsemesha si lazima tena."

Mtu mwingine angepiga vigelegele. Frumet alisema ahsante, akageukia wigi la bibi arusi lililokuwa kwenye koleo la moto la kupindia nywele, akaliunguza shungi la mbele lote. Alikaa akilitazama. Yerusalemu hakuitamani, alijichunguza vizuri, na kijicho alikijua kwa sura. Hiki kilikuwa kile kingine, wivu. Miaka yote alikuwa akijua kutamani tu, na sasa, uzeeni, alikuwa na kitu mkononi na watu walikuwa wanakichukua.

Hakungoja zamu. Alipanda ngazi zile bila kupumzika, na Hinda alipofungua hakumwomba chochote, maana kuomba hakujifunza.

"Nimekuja kukuaga. Nenda salama. Mzee Kalman ananiambia pale pako patabaki wazi. Hawawezi kumlaza mwanamke mwingine ubavuni mwa mume wa mtu."

"Najua."

"Basi tutakuwa mimi na Mordka huku, Zelig kule, na majani kidogo katikati. Usiwe na wasiwasi naye. Nitakuangalizia."

Hinda aliachia kitasa. "Wewe na Zelig, majani tu katikati?" Kisha akaenda kwenye simu, akampigia mwanawe mkubwa, akamwambia huo mlima awape wengine.

Kelele za kijana zilisikika mpaka mlangoni. Hinda akamkatia simu.

"Usidhani nimebaki kwa ajili yako," akasema.

"Mungu apishe mbali."

"Na utanipa mgongo."

"Wafu wote hulazwa chali, Hinda."

"Basi ufunge mdomo."

"Hilo," akasema Frumet, "sikuahidi mtu."