Kigae Nilichokisugua kwa Ukwaju

Nimekosa. Nalisema mwanzo kabisa, kabla woga haujanifanya nizunguke. Nimemharibia jina kijana wa watu.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa. Nasoma chuo kimoja hapa Houston, nakaa kwa kaka yangu kule Katy. Kazi yangu maabara ni kusafisha vigae, yaani vipande vya vyungu na vikombe vya kale. Msicheke! Wagiriki wa zamani walipohama kwenda kuanzisha miji ng'ambo, walibeba vikombe vyao. Michoro ya vikombe hivyo ilibadilika upesi kama kanga: ukiiona kanga kwenye picha ya harusi, unajua ni harusi ya enzi zipi. Basi kigae cha tabaka la chini kabisa ndicho kinachotuambia mji ulianza lini.

Kigae chenyewe alikichimbua Amani, kijana wa Kikongo niliyekuwa nasoma naye, kwenye mji mmoja wa Wagiriki hao ambao profesa wetu anauchimba. Ananiita yaya, dada mkubwa. Kilikuwa kimeganda chokaa, ila pembeni aliona mistari myembamba ya rangi. Mistari ile ilionyesha mji ni wa zamani kuliko watu walivyodhani, na utafiti wake wote aliujenga juu yake.

Nikapewa mimi nikisafishe. Sheria zinajulikana: piga picha kwanza, na dawa ya kuondoa chokaa usiiguse mpaka msimamizi wa maabara awepo. Msimamizi alikuwa safarini. Mimi nikajitia ujuzi! Nyumbani bibi alisugua masinia ya shaba kwa ukwaju yakang'aa. Nikaleta ukwaju kwenye kichupa, nikaloweka kigae, nikasugua kwa mswaki. Picha? Nilijiambia nitapiga kikishatakata.

Chokaa ilitoka, na mistari ikatoka nayo. Niliiona, jamani, niliiona ikimeguka na kwenda na maji! Nikayamwaga yale maji, nikakausha kigae, nikakirudisha kwenye mfuko wake na kunyamaza.

Kwenye kikao profesa alikigeuza huku na huku. "Amani, mistari iko wapi?"

Amani akachanganyikiwa. Akanigeukia. "Yaya, si wewe ulisafisha? Uliona, si ndiyo?"

Macho yote kwangu. Nikafikiria viza yangu, nikamfikiria kaka aliyenileta huku. Nikasema, "Sikuona kitu."

Ole wangu! Profesa alimuuliza Amani, mbele yetu sote, kama alijitungia tu. Akamwondoa kwenye uchimbaji. Naye akaacha masomo, akarudi kwa mama yake Cedar Hill, sasa anapakia mizigo ghalani. Nafasi yake nikapewa mimi.

Tangu hapo sijui raha ni nini. Simu ikilia nashtuka. Profesa akiniita najifanya nina kazi. Juzi akatangaza kwamba vigae vyote vitapelekwa maabara nyingine vikapimwe kwa mashine inayoonyesha hata mabaki ya rangi na tindikali. Nilikimbilia msalani nikajifungia. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliona mwisho wake ule pale.

Jioni hiyo mama yake Amani akanipigia. "Binti yangu, wewe uko karibu na professeur. Umuambie, mtoto wangu haiko muongo."

Mimi! Aniombe mimi!

Jumamosi nikaendesha gari hadi Cedar Hill, njia nzima natamani gari liharibike. Mama wa watu akanipakulia fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, nikamega tonge moja nikaacha. Nikamvuta Amani nje, tukakaa ndani ya gari langu, nikamweleza yote: ukwaju, picha, kikao. Nilikuwa nangoja kofi.

Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Yaya, nilikuwa nishaanza kuamini kama sikuona."

Wallahi, afadhali angenipiga!

Jumatatu naingia kwa profesa. Huenda nikafukuzwa, huenda viza ikaenda, na kaka yangu bado hajui lolote. Amani amesema atakuja. Nikamuuliza, kwa sauti ya kuomba, kama atanitetea.

"Hapana," akasema. "Nataka nisikie vile utasema."

Wenzangu, nawasihi. Ukiharibu kitu, sema palepale, kingali mkononi mwako. Mficha uchi hazai. Usijidanganye kwamba utangoja hofu ipungue ndipo useme, kwa sababu haipungui; inanona kila siku, na mimi leo naogopa kuliko siku ile. Kile kigae kingenipatia karipio tu. Kunyamaza kwangu kumemla mtu.