Paka wa taya mbovu alivyofanya nionekane nakula mumi, nusura nikose mke

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu wote, hasa nyinyi vijana mnaopost picha za paka wa rescue kila wiki. Mimi ni mzee wa miaka themanini na kitu na naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo sina hata nguvu ya kuongeza chumvi.

Haya yalinipata Rangwe, miaka michache baada ya Uhuru.

Wakati huo hakuna mtu alisema "adopt". Paka alikuwa mfanyakazi. Unampa mahali pa kulala, anakumalizia panya, kila mtu na kazi yake. Ukionekana unamnunulia paka chakula, watu wangeanza kuuliza kwenu kama uliwahi kuanguka kutoka juu ya mti.

Nilikuwa kijana na nilikuwa na stoo sokoni. Nanunua mtama na karanga kwa wakulima, napeleka Homa Bay kwa baiskeli. Panya walikuwa wananitoboa magunia hadi nasikia usingizini.

Sasa siku moja Homa Bay, mama mmoja muuza samaki, mteja wangu wa karanga, akaniambia ana paka wa kunipa. Dume kubwa, rangi ya majivu. Nikaona kichwa kimekaa upande.

Akaniambia ukweli, simlaumu. Huyo paka aliiba chambo kwenye kamba ya wavuvi, ndoano ikamnasa taya. Mvuvi akaivuta itoke. Taya likapona, lakini likapona vibaya.

"Lakini macho ni mazuri," akasema. "Chukua, omera, ndugu yangu, hapa watoto wanampiga mawe."

Wahenga walionya kuhusu mbuzi kwenye gunia. Mimi nilipewa paka kwenye gunia na nikasema asante. Tulimzungusha kwanza akiwa ndani ya gunia ili asijue njia ya kurudi, kama desturi ilivyo, nikamfunga kwenye carrier ya baiskeli. Alilia hadi Rangwe. Wanawake waliokuwa shambani walisimama kuangalia ni mtoto wa nani nimeiba.

Nikamwita Mzigo.

Mnasema paka akiondoka panya hutawala. Kwangu walitawala paka akiwa amekaa juu ya gunia anawaangalia. Alikuwa anawakimbiza vizuri, anamshika panya kabisa, halafu taya linakataa kufunga. Panya anatoka mdomoni, anajitikisa, anaenda zake. Baada ya muda hata kukimbia waliacha.

Na kula? Omena, yaani dagaa, ilimchoma. Ngege, yule sato, miiba ikamkwama hadi nikaitoa na vidole, akaniuma kwa hilo taya lake, ambalo kwangu lilifunga vizuri sana. Uji alikanyaga.

Kitu kimoja tu kilipita kooni: mumi, yule kambare. Nyama yake laini, haina miiba midogo. Unachemsha, unaponda kama unalisha mtoto.

Hapa ndipo balaa lilianzia. Mimi ni Msabato. Sisi samaki asiye na magamba hatuli, na mumi hana gamba hata moja. Ni ngozi tupu na ndevu.

Nikatafuta sufuria ya pembeni, nikawa nachemshia nyuma ya stoo. Harufu ilikuwa inaingia hadi kwa karanga.

Muuza samaki wa pale Rangwe, mama mwenye roho safi na sauti ya tarumbeta, akiniona tu anapaza sauti kutoka upande wa pili wa soko: "Msabato wangu, mumi yako nimekuwekea!" Nilimwomba anyamaze. Siku ya soko iliyofuata akasema kwa sauti ileile: "Mumi yako iko, lakini umesema nisiseme."

Wakuu, nilikuwa nataka kuoa. Hilo ndilo lilikuwa linanikosesha amani.

Msichana alikuwa Persila, wa Kosele. Baba yake, mzee Zakayo, alikuwa mzee wa kanisa, wa aina ile anayejua nani alisinzia katikati ya mahubiri. Nilimpenda Persila vibaya. Nilikuwa nikimwona nasahau bei ya mtama.

Kwetu huendi mwenyewe kwa msichana. Kuna jagam, mshenga, anayebeba maneno kati ya nyumba mbili na kuchunguza tabia. Jagam wetu alikuwa Mama Dorina, jirani yangu aliyezaliwa Kosele. Alikuwa amenisifu huko hadi nikaonea huruma yule mtu anayesifiwa.

Siku moja akaja stoo amefunga leso kichwani kama mtu wa matanga. "Kosele wamesikia unakula mumi," akasema. "Mzee amekasirika. Anasema Sabato unaimba mbele, katikati ya wiki unakula uchafu."

Nikamwambia ni ya paka.

"Usirudie hiyo," akasema. "Hata mimi nakupenda na siamini. Mzee anakuja siku ya soko. Sema unampikia yule jirani yako Mkatoliki, mgonjwa."

Ulikuwa uongo mzuri. Jirani Mkatoliki alikuwepo, na alikuwa anakohoa. Nilifanya mazoezi nikipima karanga.

Mzee Zakayo akaja na kofia yake na fimbo, Mama Dorina nyuma yake. Alikataa kiti, akakataa chai, kwa sababu mtu hakai kwa kijana anayeposa binti yake kabla mambo hayajaisha. Akasimama mlangoni.

"Hiyo harufu ni ya nini?"

Nikafungua mdomo niseme jirani. Na Mzigo akatokea nyuma ya magunia, kichwa upande, mate yanamtoka, akaenda moja kwa moja kujipangusa kwa suruali ya mzee. Nyuma yake panya akapita taratibu kama mtu anayetoka kanisani.

Uongo wa jirani ukanishinda.

"Ni ya huyu," nikasema. "Mzee, hashiki panya. Hali omena. Hali ngege. Nanunua mumi, nachemsha, naponda, ananiuma, soko zima linanicheka, na sasa nitakosa Persila. Sili mumi. Sijawahi hata kuionja. Nimechoka."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko adabu. Mama Dorina alifunika uso.

Mzee akamwangalia paka. "Hii paka iko na kazi gani hapa?"

"Hakuna."

"Na hujaitupa?"

"Atakula nini nikimtupa, Mzee? Taya halifungi."

Akaniambia nimpe paka chakula yeye akiona. Nikaweka. Mzigo akala anavyokula siku zote, nusu mdomoni, nusu sakafuni, kipande kimoja juu ya kiatu cha mzee wa kanisa.

Mzee akageuka kwa Mama Dorina, mimi nikiwa pale pale, akasema hivi: "Miaka mingi nimekaa baraza la kanisa nikisikiliza uongo. Mtu akidanganya, anatafuta uongo wenye akili. Huu hauna akili yoyote, kwa hivyo ni ukweli. Huyu kijana ni mjinga." Akapangusa kiatu kwa gunia langu. "Lakini heri mkwe mjinga kuliko mkwe mnafiki. Mwambie baba yake alete ng'ombe."

Nilifurahi, na nilikasirika vilevile, kwa sababu nimeitwa mjinga katika biashara yangu mwenyewe.

Basi nikamuoa Persila. Yeye mumi hakuigusa hata kwa kijiti, kwa hivyo nilichemsha mwenyewe hadi Mzigo akafa kwa uzee. Panya nilikuja kuwamaliza kwa mitego.

Funzo? Ukichukua mnyama aliyeumia, uliza kwanza anakula nini, maana utakula aibu yake pamoja naye. La pili, ukweli wako hata uwe wa kijinga, usiutafutie nguo nzuri ya kuuvalisha. Ningesema ile ya jirani Mkatoliki, mzee angevuka barabara kwenda kumuuliza. Persila aliniambia hivyo baadaye, na akasema pia kwamba alikuwa ameshawaambia wadogo zake nimekataliwa, akalia siku hiyo nzima.

Karibuni kwa comments. Mwenye paka wa aina hii aniambie anamlisha nini siku hizi, na kama majirani bado wanamsalimia.